Sikoseli: Kuishi Vizuri Tukiisubiri Tiba

Popote ulipo, jikoni ukichambua mchele, ndani ya daladala ukirudi nyumbani, au dukani ukingoja wateja wa mwisho, naomba unipe masikio yako kwa muda huu mfupi. Na kama hapo karibu yako yuko mtoto au kijana mwenye sikoseli, tafadhali mwite akae nawe. Jioni ya leo nazungumza naye yeye kwanza, sisi wengine tunasikiliza pembeni.

Tumeingia mwezi wa Juni. Kipupwe kimeanza, asubuhi zina baridi, na familia zinazoishi na sikoseli zinajua maana yake: huu ndio msimu ambao maumivu huja mara kwa mara. Ndio mwezi pia wenye Siku ya Sikoseli Duniani, tarehe 19, siku inayotokana na azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 2008. Kila siku hiyo inapofika, swali linalosikika kuliko yote ni moja. Tiba ya kuponya itafika lini?

Ni swali la haki kabisa. Nani asingeuliza? Mama aliyekesha na mtoto anayelia mifupa, akimkanda mapaja mpaka adhana ya alfajiri, ana haki ya kuuliza hata mara mia. Na jioni hii nitalijibu, kwa kadiri linavyojibika. Lakini kuna swali jingine linalotangulia, na hilo ndilo lililonileta mbele ya kipaza sauti: kati ya leo na siku hiyo ya tiba, tunaishije? Tunafanya nini Jumatatu, Jumanne na Jumatano?

Tunaambiwa subira yavuta heri. Sawa. Lakini subira ya aina gani? Iko subira ya kukaa ukimwangalia mgonjwa, na iko subira ya kumpa maji, kumfunika, kumpa kidonge chake na kumpeleka kliniki tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Mimi nazungumzia hii ya pili. Ninaamini, na nitakueleza kwa nini, kwamba watoto wetu wengi wanaopotea kwa sikoseli hawapotei kwa sababu tiba ya kuponya haijafika. Wanapotea kwa kukosa mambo madogo ambayo tayari yapo.

Tuelewane kwanza kuhusu ugonjwa wenyewe. Ndani ya damu yetu kuna chembe nyekundu, na ndani ya chembe hizo kuna himoglobini, ambayo kazi yake ni kubeba oksijeni. Chembe ya kawaida ni ya mviringo, ni laini, hupita kwenye mishipa myembamba bila shida, na huishi siku 120 hivi. Kwa mwenye sikoseli, himoglobini ikishaachia oksijeni hushikamana, na chembe inapinda kama mundu. Inakuwa ngumu, inanasa, inaziba njia. Palipozibwa damu haifiki, na hapo ndipo maumivu yanapoanza: mgongoni, mapajani, kifuani, popote. Tena chembe hizo hazidumu. Hufa ndani ya siku 10 hadi 20. Mwili unatengeneza nyingine mbiombio lakini haufikii kiwango, na ndiyo maana mwenye sikoseli huwa na upungufu wa damu kila siku, na macho yake huwa na rangi ya njano.

Ugonjwa huu hauambukizi. Haukai kwenye kijiko wala kwenye shuka. Hautokani na kurogwa, wala si adhabu ya kosa alilotenda bibi yake nani. Mtoto anaurithi, na anaurithi kwa wazazi wote wawili. Naomba hapa nirudie polepole, maana ndoa zinavunjika kwa kutokujua jambo hili: wazazi wote wawili. Baba anatoa kinasaba kimoja, mama anatoa kimoja. Kila mmoja wao akiwa na kimoja tu, anaweza kuishi mpaka uzee bila kuumwa wala kujua kwamba anacho. Lakini wakikutana wawili wa namna hiyo, katika kila ujauzito kuna nafasi moja kati ya nne kwamba mtoto atazaliwa na sikoseli. Kwa hiyo shangazi unayemwambia mke wa kaka yako kwamba ameleta ugonjwa kwenye ukoo, tafadhali nyamaza. Nusu ya habari hiyo imetoka kwenye ukoo wenu.

Na kwa nini kinasaba hiki kimejaa kwetu, Kanda ya Ziwa, Pwani, na nchi jirani? Mtafiti mmoja aliyekulia Kenya, Anthony Allison, ndiye aliyetoa jibu mwaka 1954. Aligundua kwamba mwenye kinasaba kimoja tu anapata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Katika nchi za malaria, watu hao waliokoka zaidi, wakazaa, kinasaba kikaenea. Lakini sikiliza vizuri hapa, maana watu hupotoka: kinga hiyo ni ya yule mwenye kinasaba kimoja. Mtoto mwenye sikoseli yenyewe, mwenye viwili, malaria inaweza kumuua haraka sana, kwa sababu inammalizia damu ambayo tangu mwanzo ni chache. Neti kwake si jambo la hiari. Usiku mmoja bila neti ni hatari.

Tanzania inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye sikoseli kila mwaka. Duniani tunafuata nyuma ya Nigeria, India na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Na wataalamu wanakadiria kwamba barani Afrika zaidi ya nusu ya watoto hawa, wasipotambuliwa mapema, hufariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Sina takwimu nyingine za kukuchosha nazo. Nataka ubaki na maneno yale tu: wasipotambuliwa mapema.

Sasa nikupe kisa ambacho nakipenda sana. Mwaka 1948, daktari mmoja wa New York aitwaye Janet Watson aliona jambo la ajabu. Watoto wachanga waliorithi sikoseli walikuwa hawaumwi. Miezi ya mwanzo wananyonya, wanacheka, wananenepa, kisha baada ya nusu mwaka hivi ndipo vidole vya mikono na miguu vinaanza kuvimba na vilio vinaanza. Kina mama wetu wanalijua hili, wanasema, "Alikuwa mzima, sijui kaingiliwa na nini." Watson alisema sababu iko kwenye damu aliyotoka nayo mtoto tumboni. Kijusi tumboni ana himoglobini ya aina yake, na hiyo haipindi. Baada ya kuzaliwa mwili unaizima taratibu na kuwasha ile ya kiutu uzima. Ikishaisha ile ya utotoni, ugonjwa unajitokeza.

Basi wanasayansi wakajiuliza: je, tukiweza kuiwasha tena ile himoglobini ya utotoni?

Hapo ndipo ilipoingia dawa ambayo leo wengi mnaijua kwa jina la haidroksiyurea. Ni kapsuli ya kumeza kila siku. Inaamsha kwa kiasi ile himoglobini ya utotoni, chembe hazipindi sana, maumivu yanapungua, kulazwa kunapungua. Marekani iliidhinisha kwa watu wazima mwaka 1998. Kwetu Afrika ilichelewa kukubalika, kwa hofu ya haki: dawa hii inaweza kushusha kinga ya mwili, na sisi tuna malaria na maambukizi mengi. Je, haitawaangamiza watoto wetu? Swali hilo lilijibiwa na utafiti uliofanywa hapahapa barani, Kilifi nchini Kenya, Mbale nchini Uganda, Kinshasa na Luanda, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2019. Watoto waliokunywa dawa hiyo walipata maumivu kwa nadra zaidi, waliongezewa damu mara chache zaidi, malaria ilipungua badala ya kuongezeka, na vifo vilipungua pia. Watoto wetu, mbu wetu, hospitali zetu. Sioni hofu gani imebaki baada ya hapo.

Lakini haidroksiyurea ina masharti. Mosi, ni ya kila siku. Hainywewi mtoto akiumwa na kuachwa akipata nafuu. Anapata nafuu kwa sababu anaimeza. Pili, lazima damu ipimwe kwa vipindi ambavyo daktari atakupangia, kwa sababu inaweza kushusha chembe nyeupe kupita kiasi. Tatu, msichana au mvulana mkubwa anayefikiria kupata mtoto azungumze na daktari kabla, maana haitumiki wakati wa ujauzito. Na nne ni bei, na hapa simlaumu mzazi. Familia nyingi hununua wiki mbili, zikaruka wiki tatu. Ninachokuomba, mzazi, usiache kimyakimya. Mwambie mhudumu wa kliniki, "Nimeishiwa." Uliza habari za bima. Uliza kama upo umoja wa wazazi wanaosaidiana. Daktari anayejua kwamba dawa imekatika atafanya uamuzi mwingine kuliko yule anayedhani mtoto anaimeza na haimsaidii.

Twende sasa kwenye mambo ya nyumbani, yale ambayo hayahitaji duka la dawa.

La kwanza ni maji. Kwa nini kila daktari anasema maji, maji, maji? Kwa sababu sikoseli inaumiza figo mapema, na figo hizo haziwezi kubana maji mwilini. Mtoto anakojoa mara nyingi, maji yanamtoka, damu inakuwa nzito, chembe zinapinda. Kwa hiyo anywe maji mchana kutwa, hata kama hana kiu. Mwalimu, hapa nakuita wewe kwa jina la kazi yako. Mtoto huyu akiomba ruhusa ya kwenda chooni kwa mara ya tatu asubuhi moja, hafanyi utundu. Akikaa na chupa ya maji juu ya dawati, hakudharau. Na huko kwenye shule za bweni, akilowesha kitanda akiwa darasa la sita, usimsimamishe mbele ya wenzake na godoro lake. Figo zake ndizo zilizofanya hivyo, na aibu unayompa haitazitibu.

La pili ni joto la mwili. Baridi inakaza mishipa. Wewe uliye Lushoto, Njombe au Mbeya mwezi huu, sweta, soksi na maji ya uvuguvugu ya kuoga ni sehemu ya matibabu. Mtoto akinyeshewa, abadilishwe nguo mara moja. Maumivu yakianza, mkande kwa kitu cha joto. Usimwekee barafu hata siku moja. Mpe maji, mpe dawa ya maumivu uliyoelekezwa kliniki, mlaze mahali penye joto. Yasipotulia, nenda hospitali.

Na mkifika hospitali? Hapa nina neno na wahudumu wenzetu wa afya, na nalisema kwa heshima. Kijana wa sikoseli akija usiku akisema anaumwa, anaumwa. Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha ukubwa wa maumivu, wala mashine. Mwingine amezoea kuumwa kiasi kwamba anakuja huku anachezea simu, na wewe unadhani anaigiza. Anachezea simu ili asipige kelele. Mama mmoja aliniambia kwamba mwanawe, kijana wa chuo, alifikia hatua ya kujifunza kulia kwa sauti akiwa mapokezi, kwa sababu alipokuwa akinyamaza aliachwa kwenye benchi. Jamani, kijana asilazimishwe kufanya hivyo ili ahudumiwe.

Sasa naomba utulivu kidogo, maana jambo la tatu ni la kuokoa maisha moja kwa moja. Ni bandama, wengine huiita wengu. Ipo upande wa kushoto, chini ya mbavu. Kwa mtoto mdogo mwenye sikoseli, bandama inaweza kunasa damu nyingi kwa ghafla, ikavimba, na mtoto akapauka na kuishiwa nguvu ndani ya saa chache. Asipoongezewa damu haraka, anafariki.

Jamaika walipambana na jambo hili. Kuanzia mwaka 1973, mjini Kingston, Dakta Graham Serjeant na wenzake walianza kuwapima watoto wachanga pale wanapozaliwa, na kuwafuatilia wenye sikoseli mwaka hadi mwaka. Waliona watoto wengi wanafia njiani kwa sababu ya bandama. Je, walifanya nini? Walinunua mashine? Hapana. Waliwafundisha kina mama kupapasa. Mama anamlaza mtoto chali, anapitisha vidole polepole chini ya mbavu za kushoto, anajua ukubwa wa kawaida wa bandama ya mwanawe. Siku akiona imekua na mtoto amepauka, habaki nyumbani kumkanda, anakimbia hospitali. Vifo vya bandama vilipungua sana. Vidole vya mama, msikilizaji! Hakuna sababu hata moja ya mama wa Sengerema, wa Tarime au wa Muheza kushindwa kufanya hivyo. Kliniki ijayo, mwambie muuguzi, "Naomba unifundishe kupapasa bandama." Sema hivyohivyo.

Na hiyo bandama, hata isipovimba, huharibika mapema, ndiyo maana watoto hawa wanashindwa kupigana na bakteria. Kwa hiyo kuna penisilini ya kumeza kila siku, asubuhi na jioni, mpaka mtoto atimize angalau miaka mitano. Tangu mwaka 1986 imethibitishwa kwamba inazuia sehemu kubwa sana ya maambukizi makali ya damu kwa watoto hawa. Ni dawa ya zamani, ya bei nafuu. Pamoja nayo, chanjo zote, hasa ile ya kuzuia nimonia. Na homa, ndugu yangu, homa isisubiri asubuhi. Mtoto wa sikoseli akichemka, ni hospitali usiku huohuo, hata kama ni kwa bodaboda. Vivyo hivyo akipumua kwa shida, akilegea upande mmoja wa mwili, au akishindwa kuongea ghafla. Kiharusi huwapata hata watoto wadogo wenye ugonjwa huu.

Kuna jambo moja ambalo wavulana hulificha, nami nalisema hewani ili lisiue mtu kimya. Uume unaweza kusimama kwa saa nyingi, kwa maumivu, bila hamu yoyote. Ni damu iliyonasa, sawa na inavyonasa kwenye mfupa. Kijana, si aibu na si laana. Hali hiyo ikizidi saa chache, nenda hospitali. Uume ukiachwa hivyo unaweza kuharibika moja kwa moja. Baba, mweleze mwanao kabla halijamkuta.

Sasa nirudi kwenye lile swali la mwanzo. Tiba ya kuponya. Nilisema nitalijibu.

Tiba ipo, lakini haijawafikia walio wengi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko Memphis, Marekani, msichana wa miaka minane aliyekuwa na sikoseli na pia saratani ya damu alipandikizwa uloto kwa ajili ya saratani. Alipopona, sikoseli nayo ikawa imeondoka. Tangu hapo upandikizaji wa uloto umeponya watu wengi, na sasa umefika nyumbani: Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma ilianza kuwapandikiza uloto watoto wenye sikoseli mwaka 2023. Hilo ni jambo la kujivunia kwa sauti kubwa. Lakini tiba hiyo inahitaji mchangiaji anayelingana na mgonjwa, kwa kawaida ndugu wa baba na mama mmoja, na kila ndugu ana nafasi moja tu kati ya nne ya kulingana. Inahitaji dawa kali, wiki nyingi za kulazwa, na gharama kubwa.

Halafu ikaja tiba ya vinasaba. Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha Casgevy, na Marekani ikafuata Desemba. Wanachukua chembe zako za uloto, wanarekebisha kinasaba maabara, wanakurudishia. Na unajua wanarekebisha nini? Wanaondoa kizuizi kinachozima ile himoglobini ya utotoni! Alichokiona Janet Watson mwaka 1948 kwa watoto wachanga ndicho hicho. Na ndiyo kazi ileile ambayo kapsuli yako ya haidroksiyurea inajaribu kuifanya kila siku, kwa kiasi kidogo. Sisemi vitu hivyo viwili viko sawa; kimoja kinaponya, kingine kinapunguza makali. Nasema dawa uliyonayo mfukoni haiko mbali na sayansi ile kama unavyodhani. Bei ya Casgevy Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Sina haja ya kukupigia hesabu ya shilingi.

Na si kila kinachokuja kinabaki. Dawa iitwayo Oxbryta iliidhinishwa Marekani mwaka 2019, watu wakashangilia, na Septemba 2024 kampuni yenyewe ikaiondoa sokoni duniani kote baada ya takwimu kuonyesha kwamba madhara yake yanazidi faida. Iliwauma waliokuwa wameitegemea. Nakwambia hili ili usije ukaacha unachokijua kwa ajili ya unachokisikia.

Mwingine ataniuliza, basi kuna faida gani kumeza kapsuli na kunywa maji, kama mwisho wa yote tunangoja Dodoma au tunangoja bei ishuke? Sikiliza jibu langu. Upandikizaji hufanikiwa zaidi kwa mgonjwa ambaye bado hajaharibika. Ambaye figo zake zinafanya kazi, ubongo haujapigwa kiharusi, mapafu yako salama, nyonga haijaoza. Mtoto atakayeikuta tiba akiwa na mwili unaoweza kuibeba ni yule aliyetunzwa miaka yote ya kungojea. Kila chanjo, kila kikombe cha maji, kila tarehe ya kliniki iliyoheshimiwa inamwandaa. Kutunza na kutumaini ni kazi moja.

Kwa sababu hiyo nina hasira, na siifichi, na wale wanaozunguka mitaani na kwenye simu zetu wakiuza chupa wakisema inaponya sikoseli kwa siku kadhaa. Tena sharti lao la kwanza ni moja daima: acha dawa za hospitali. Mzazi, anayekwambia uache penisilini na haidroksiyurea ili dawa yake ifanye kazi anakuhatarishia mtoto. Omba dua, nenda kanisani, nenda msikitini, na ukitoka huko mpe mtoto kapsuli yake.

Nimalizie na vijana wenyewe, mashujaa, maana ndivyo mnavyojiita na jina linawastahili. Zamani familia ziliambiwa mtoto wa sikoseli hatafika miaka 18, kwa hiyo wengine hawakupelekwa hata sekondari. "Ya nini kumsomesha?" Maneno hayo yalikuwa na ukatili ndani yake, na leo si ya kweli. Kliniki ya Muhimbili, ambako Profesa Julie Makani na wenzake walianza kufuatilia wagonjwa kwa maelfu tangu mwaka 2004, ina watu wazima. Wapo wenye shahada, wapo mafundi, wapo kina mama waliojifungua salama wakifuatiliwa kwa karibu hospitalini. Usiseme, "Nikipona nitasoma. Nikipona nitaoa." Chagua kazi isiyokutesa kwa baridi na kubeba mizigo, lakini ichague sasa. Ukipata mchumba, nendeni mkapime kabla ya ndoa, mjue, kisha muamue kwa macho yaliyofunguka. Na siku ukichoka, kwa sababu kuchoka kupo, kukesha na maumivu huku wenzako wanacheza mpira kunachosha roho, usijifungie. Mtafute mwenzako wa kliniki umwambie. Yeye hahitaji kuelezwa mambo mengi.

Muda wangu unaniishia. Nina ombi moja kwa wote mnaonisikiliza, mlio na mgonjwa nyumbani na msio naye. Watoto hawa huongezewa damu, na damu haitengenezwi kiwandani. Katika nchi yetu wachangiaji wengi ni wanafunzi wa sekondari, na mwezi huu shule zinafungwa. Yaani baridi inaongeza wagonjwa wakati huohuo ambapo wachangiaji wamekwenda likizo. Ukiwa na miaka kati ya 18 na 65, una afya njema na uzito wa kilo 50 au zaidi, unaweza kuchangia. Mwanaume kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Ulizia hospitali ya wilaya yako ni siku gani wanapokea. Nenda wiki hii, na umchukue na rafiki mmoja.